Jembe Kwenye Uwanja wa Tenisi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za kwanza, mwanangu, na kila mwaka mawingu yakianza kukusanyika juu ya vilima hivi vya Muyama, asubuhi ile hunirudia yote pamoja na harufu yake ya vumbi lililoloa. Nilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi yangu Sabina, raketi mkononi, napiga mpira kwenye ukuta wa jiko, ukuta ambao bibi alikuwa ameukandika upya mara nyingi kwa ajili yangu. Bega la kulia lilikuwa linawaka. Kila nikiinua mkono juu ya kichwa, kitu humo ndani kilikwaruza. Niliuma meno nikaendelea kupiga, kwa sababu kesho yake alfajiri basi lilikuwa linaondoka Kasulu, na nilikuwa nimekusudia kuwemo.

Nakuhadithia haya kwa sababu ya mkoba wako, Odetha. Umefika wiki iliyopita bega likikuuma, ukasalimia wote vizuri, ukala, ukacheka na wadogo zako. Lakini mkoba wa raketi umeuweka nyuma ya mlango, zipu imefungwa, hujaufungua wala hujauingiza chumbani. Jana ukaniuliza huku unatazama simu, "Baba mkubwa, hivi mtu anajuaje kwamba basi, inatosha?" Mwenye kovu usidhani kapoa. Sikukujibu jana kwa sababu sauti ingenikatika mbele ya watoto.

Leo nakujibu, na hawa wadogo zako wakae wasikilize, maana wao wanadhani mchezaji wa tenisi ni yule wanayemwona kwenye televisheni, anayefutiwa jasho kwa taulo nyeupe. Wale ni wachache, unaweza kuwapakia wote kwenye basi moja la Kigoma na viti vikabaki. Chini yao tupo sisi wengine, mamia kwa mamia, tunaojilipia nauli, tunaofunga nyuzi za raketi wenyewe, tunaolala wawili kitanda kimoja. Ukishindwa mechi ya kwanza, jioni hiyo hiyo unatafuta gari la kwenda mji mwingine kwenye mashindano mengine. Mimi nilikuwa huko chini kabisa. Jina langu lilikuwamo kwenye viwango vya dunia, ndiyo, ila ilikubidi ushuke na kidole kurasa nyingi mpaka kidole kichoke, ndipo unikute.

Nilijifunza kwenye uwanja wa misheni, ule wa udongo mwekundu mnaoujua, nikacheza Nairobi, Kampala, Kigali, Lusaka, kote walikoniita na kwingine wasikoniita. Watu hudhani sisi wa chini huacha kwa sababu ya kushindwa. Kushindwa, mwanangu, tumekuzoea kama baridi ya hapa asubuhi. Kinachommaliza mtu ni kukaribia. Ni ile mechi uliyobakiza pointi moja, na usiku mzima uko macho unaipiga upya dari likikutazama. Halafu kuna mazishi unayoyasikia kwa simu. Baba yangu mdogo alizikwa nikiwa Lusaka, nikashindwa siku hiyo hiyo, na sijui hadi leo nilikuwa nalia kwa ajili ya lipi.

Ushindi nao una sumu yake. Kampala nilimshinda kijana mmoja mrefu, mpole, hodari wa mpira wa kuanzishia. Baada ya muda nimekaa mgahawani pale Kibondo, nasubiri gari, nainua macho kwenye televisheni, namwona yeye! Yuko kwenye uwanja mkubwa, watu wamejaa hadi juu. Nilisimama na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Kila aliyepita nilimwambia, "Yule nimempiga mimi." Wakanitazama kama wanavyomtazama mlevi. Ushindi ule ulinitesa kuliko vipigo vyote, kwa sababu tangu siku hiyo sikuweza kusema sifai.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile. Nilikuwa nimerudi nyumbani tangu mavuno ya maharage, bega bovu. Daktari wa Kasulu alikuwa ameniambia bila kuzunguka, "Pumzisha huu mkono msimu mzima. Ukiulazimisha, iko siku hutaweza hata kuchana nywele." Nikamshukuru, nikanunua dawa ya kuchua, nikaendelea kupiga mpira ukutani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo siku moja kabla Deo akapiga simu. Deo alikuwa mwenzangu wa safari zote, kijana wa Bujumbura aliyehamia Kigali, mchekeshaji, mwenye moyo wa dhahabu. Niliwahi kuugua malaria tukiwa njiani, akanibeba mgongoni kutoka stendi hadi zahanati na raketi zetu kifuani mwake. Siku hizo hapa kijijini mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu cha Mzee Melkiadi, katekista wetu. Nilikuwa nimepanda huko kutafuta habari, nimesimama kwa mguu mmoja ili nisiupoteze.

"Bosco, kaka, nafasi imepatikana kwenye mchujo wa hapa Kigali," akasema Deo. "Mtu mmoja amejitoa. Jumatatu mchana uwe umeshasaini, kama hauko wanampa mwingine. Safari hii droo ni nyepesi, nakuapia."

"Na bega?"

"Bega litapona ukianza kushinda."

Tulicheka wote wawili, mwanangu. Leo nikikumbuka kicheko kile nasikia baridi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimejipanga. Kesho alfajiri Kasulu, mchana Kibondo, halafu Nyakanazi, halafu mpakani Rusumo. Mkoba ulikuwa nyuma ya mlango, umefungwa. Ulikuwa umefungwa tangu mavuno.

Nieleze kidogo kuhusu mahali nilipokuwa nachezea. Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na kipande cha ardhi tambarare, na kwenye vilima hivi mnajua tambarare ilivyo adimu. Ndicho kilikuwa kipande bora cha shamba lake, udongo mweusi, mzito. Nilipokuwa shule nilikisawazisha, nikakishindilia kwa gogo, nikachora mistari kwa majivu. Nusu uwanja. Bibi akahamishia mihogo mteremkoni. Na upande wa pili, chini ya kichanja cha nyasi, mwaka ule alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa. Ilikuwa imekwisha kuzidi kimo, na mizizi ilianza kujikunja kwenye vifuko. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshuka. Mkulima yeyote angekuambia kwamba miche ile ilikuwa inaingia ardhini wiki hiyo au haingii tena.

Basi nikiwa napiga, bibi akatoka jikoni amebeba kigoda. Akaja nacho mpaka katikati ya uwanja, akakiweka, akakaa. Mpira uligonga ukuta ukamrudia miguuni. Akaukanyaga.

"Bibi, nipe mpira."

"Kaa."

"Nina kazi."

"Na mimi nina kazi. Kaa chini."

Nikachuchumaa. Nilikuwa na hasira, sikufichi. Mtu anayefanya mazoezi hapendi kukatizwa, na mtu anayejidanganya hapendi zaidi.

"Shamba hili ni la nani?" akauliza.

"Lako, bibi."

"Mbona silipandi?"

"Si nacheza?"

"Unacheza." Alilitamka neno lile polepole, kama anaonja mboga kujua ina chumvi. "Tangu maharage yavunwe uko hapa. Jembe hushiki. Husemi unaondoka, husemi umebaki. Kwetu ukimwona mtu hashiki jembe na mvua imenyesha, humkemei, unamuuliza kafiwa na nani. Haya, mwananje, umefiwa na nani?"

Ngojeni, watoto, hapo nieleze, maana siku hizi mambo haya yamepunguzwa sana. Bibi yangu alikuwa Mrundi, na kwao mwananje ni mwanangu. Alivuka mto Malagarasi kama mkimbizi, baba yangu mgongoni, miaka mingi kabla sijazaliwa, na hapa ndipo tulipokuwa Watanzania. Kwa watu wake mtu akifa nyumba yote husimama. Jembe huwekwa pembeni, watu wa nyumba ile hawalimi. Kisha siku ikifika, ndugu na majirani huitwa, hukaa pamoja, hunywa pamoja, na mkubwa husimama akatamka kwamba msiba umekwisha. Hiyo huitwa kuganduka. Baada ya hapo jembe linashikwa. Ambaye hajaganduka anabaki katikati, wafu hawamtaki na walio hai hawamwoni.

Nilimjibu vibaya. "Bibi, hayo ni ya misiba. Wewe hujui tenisi."

"Sijui," akasema. "Naona watu wazima wanarushiana kitu kisicholiwa. Lakini kuondoka nakujua. Ukinifundisha tenisi nami nitakufundisha kuondoka."

Akaanza kunisimulia jambo ambalo hata baba hakuwahi kuniambia. Walipofika upande huu walikuwa familia nyingi, wakapewa ardhi na wenyeji, wakaanza kulima. Wakapanda maharage. Wakapanda mahindi. Vitu vya msimu mmoja tu. Kahawa? Nani apande kahawa ya kungoja miaka, na mwakani tunarudi? Ukuta wa matofali wa nini, na mwakani tunarudi? Nyuma ya kila mlango palikuwa na furushi limefungwa, na kila mwaka lilifunguliwa nguo zipigwe jua, kisha likafungwa tena.

"Nyumbani niliacha chungu cha maharage motoni," akasema bibi. "Kwa muda mrefu kila nikipika hapa nilikuwa naona kile chungu kinaungua. Siku moja nikasema, Sabina, chungu kimeshaungua. Nikatengeneza pombe, nikaita watu, nikawaambia nataka kuigandukia nyumba yangu. Shemeji yangu akainuka, akaupiga teke mtungi, pombe ikamwagika yote. Akasema, umeizika nchi yetu ingali hai! Hakuniamkia tena. Kesho yake nikapanda kahawa. Kahawa hiyo ndiyo iliyomsomesha baba yako."

"Na waliorudi?" nikauliza. Nilitaka kumkamata. "Si wapo waliorudi kweli?"

"Wapo. Niliwafungia chakula cha njiani, nikawasindikiza hadi barabarani, nikawalilia. Aliyerudi alirudi, aliyebaki alibaki, wote nawaheshimu. Namsikitikia shemeji yangu. Alikufa hapa hapa, hajarudi, na hakuacha hata mgomba mmoja."

Wingu lilikuwa limefunika jua na nilisikia ngurumo upande wa Kasulu. Nilisimama.

"Deo anasema safari hii droo ni nyepesi."

"Deo ndiye bega lako?"

"Bega liko sawa."

"Vizuri. Nishushie kile kikapu."

Chini ya ukingo wa paa la jiko alikuwa ametundika kikapu cha mbegu. Hakikuwa juu sana, mtu mzima anakifikia bila kunyanyua kisigino. Nikainua mkono wa kushoto.

"Wa kulia," akasema.

Mwanangu, nimesimama mbele ya watu wengi katika maisha yangu, nikasubiri mpira wa mwisho. Sikuwahi kuogopa kama nilivyokiogopa kikapu kile. Niliinua mkono wa kulia. Ukafika usawa wa kidevu. Ukafika usawa wa sikio, ukagoma. Nikaulazimisha, maumivu yakanishuka mpaka kwenye vidole, jasho likanitoka, na kikapu kikabaki palepale kinaning'inia. Nikajaribu tena. Nikamgeuzia bibi mgongo ili asinione, na nilikuwa nalia.

Hakunipapasa, hakusema pole. Alisema hivi, na maneno haya nimeyashika kama sala.

"Mimi sikuambii uache. Ukitaka kwenda, nenda. Nitaubeba mkoba wako kichwani mimi mwenyewe mpaka stendi Kasulu, nitakufungia kuku, na nitakuombea ushinde. Ukitaka kubaki, sema umebaki. Ila ukiniambia 'tuone', miche hii inakwenda kwa Melkiadi leo hii, na hapa mimi sifagii tena."

Alitamka hayo akainuka, akachukua kigoda chake, akaingia jikoni.

Sifagii tena. Nilibaki na neno hilo. Miaka yote ile nilikuwa naondoka miezi na miezi, nikirudi nakuta uwanja safi, hauna jani hata moja, mistari ya majivu myeupe kama niliichora jana. Na wewe unaijua ardhi ya hapa, ukitemea mate mbegu ya papai inaota. Sikuwahi kujiuliza hata siku moja. Mwanamke ambaye alipanda kahawa wenzake wakingoja kurudi, aliacha kipande chake bora wazi kwa ajili yangu, akakifagia, akarudishia mistari ya mchezo asioujua. Aibu ilinishika, na upendo ulinishika, na sikujua kipi kilikuwa kizito zaidi.

Nikapanda kichuguu.

Deo aliitikia upesi. "Umeshapata tiketi?"

"Deo, siji."

"Ah, tusianze. Ukikosa basi la kesho panda la keshokutwa, nitawabembeleza."

"Siji, Deo."

Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Basi mwakani."

Mwanangu, hapo ndipo palikuwa na shimo. Neno "mwakani" lilikuwa limeniweka hai miaka yote. Lingetoka kirahisi, na mimi na yeye tungeagana vizuri, na mkoba ungebaki nyuma ya mlango. Nilifungua mdomo kulisema. Chini ya kilima nilimwona bibi ametoka, anakagua miche yake mmoja mmoja, ameinama, mkono mmoja kiunoni.

"Hata mwakani," nikasema. "Nimeacha."

Deo hakukata simu. Akasema, "Sasa nani atanipashia misuli kabla ya mechi?" Akacheka kidogo, kicheko kikavunjika, mtandao ukakatika. Sikumpigia tena siku ile. Niliteremka nikamwambia bibi, "Nimebaki."

Hakushangilia. Aliniambia niingie ndani nikatazame nyuma ya pipa la maji. Nikakuta mitungi ya pombe ya ndizi, imeiva, inachemka yenyewe. Na pombe ya ndizi, kama mjuavyo, haiivi kwa siku moja. Nikamuuliza alijuaje nitabaki.

"Sikujua," akasema. "Ungeondoka, tungeinywa ya kukuaga. Umebaki, tutainywa ya kuganduka. Pombe yenyewe haijali."

Kesho yake majirani wakaja. Wanawake wengine walikuja na kuni kichwani na sura za huzuni, maana waliitwa kuganduka na hawakuwa wamesikia kifo. Mzee Melkiadi akamvuta bibi pembeni, "Mama Sabina, samahani sana, marehemu ni nani?" Bibi akamjibu kwa sauti ya wote kusikia, "Marehemu ni tenisi." Watu walicheka mpaka wengine wakaweka kuni chini. Hata mimi nilicheka. Walokole wakapewa togwa, wengine wakapewa mtungi, kikao kikakaa.

Lakini moyo wangu haukuwa pale. Nilitazama jua, nikajua basi limefika Kibondo, abiria wanashuka kununua ndizi mbivu. Nikajua kiti changu amekikalia mtu mwingine. Bibi akasimama, akagonga mtungi kwa kata, akasema, "Huyu kijana ana neno." Akaketi.

Vicheko vikaisha. Nilisimama. Walinisubiri. Watu wa hapa wanajua kumsubiri mtu, hawakohoi, hawatazamani. Mwisho nikasema, "Mimi Bosco nilikuwa mchezaji wa tenisi. Nilicheza kwa nguvu zangu zote. Imekwisha."

"Sema tena," akasema bibi. "Wa nyuma hawakusikia."

Wa nyuma walikuwa wamesikia sana. Ila nilisema tena, na mara ya pili sauti haikutetemeka. Watu wakapiga makofi yale ya polepole, viganja vimelegea, kama tunavyomwamkia mkubwa. Mzee Melkiadi akaomba sala fupi, jambo ambalo kwake lilikuwa muujiza. Kisha bibi akanipa jembe.

Nilipiga kwa mkono wa kushoto, katikati ya uwanja, na jembe likaruka! Ardhi ile nilikuwa nimeishindilia kwa miaka kwa gogo na kwa nyayo zangu, ilikuwa ngumu kama sakafu ya kanisa. Nikapiga tena, likaruka tena. Melkiadi akavua koti, akachukua jembe lake, wengine nao wakaingia, na mpaka alasiri tulikuwa tumeivunja. Bibi alipanga safu kwa kufuata mistari ya majivu, akisema mistari iliyonyooka namna ile si ya kupoteza. Mstari wa mwisho wa uwanja ndiyo ile safu ya kwanza mnayoiona kutoka hapa.

Sasa sikiliza, maana hapa wasimulizi wengi hudanganya. Sikuamka kesho yake nina furaha. Mwaka ule wote nilikuwa nikisikia habari za michezo kwenye redio naizima. Deo aliendelea kucheza. Msimu uliofuata aliingia kwenye mashindano makubwa tuliyokuwa tunayaota wote wawili, akashinda mechi moja, akanipigia simu analia. Nilifurahi na niliumia, vyote pamoja. Je, ningeendelea, ningefika naye? Sijui. Nimezeeka bila kujua, na kutojua hakukuniua.

Kahawa ilipoanza kuzaa ndipo nilipoufungua mkoba. Nilidhani nitaumia, nikakuta ni raketi tu. Nikazipeleka uwanja wa misheni Jumamosi moja, nikafundisha watoto watatu, Jumamosi iliyofuata wakaja kumi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe mwenyewe ulianzia pale, na ile raketi niliyokukatia mpini kwa msumeno kwa sababu ulikuwa mfupi kuliko wavu. Kama bega langu lingevunjika kabisa Kigali wiki ile, sijui nani angekushika mkono ukajifunza. Bibi alikuwa hai, alikuja kukutazama mara moja. Akasema, "Huyu anakipiga kwa hasira kuliko wewe." Tulipomzika, na siku ya kumgandukia ilipofika, jembe la kwanza nilishika mimi, katikati ya kahawa yake.

Basi, Odetha mwanangu, swali lako ni mtu anajuaje. Mimi sikuambii uache. Bega lako si bega langu, umri wako si umri wangu, na daktari wako ana mashine ambazo wangu hakuziota. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakuwa wamechanganyikiwa. Walijua kila neno lina siku yake, na kuijua siku ni kazi yako, si yao. Ninachokuomba ni uchague kwa mdomo wako. Ukienda, nenda mzima. Mwambie mama yako unakwenda, panga mwaka wako, tibu bega kwanza, usisafiri kwa siri kama mtu anayetoroka. Ukiacha, usiache kimya kimya kwa kutopokea simu mpaka watu wakusahau. Mchezo umekulea, umekutembeza nchi ambazo mimi sizijui, unastahili kuagwa mbele ya watu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi naongeza kwamba asiyejua kuaga hakuwahi kufika. Ila usikae mlangoni, mwanangu. Nimekaa pale, najua upepo wake. Watu wanaokupenda wataendelea kukufagilia uwanja na hawatakuambia wamechoka.

Mungu aliyemvusha bibi yetu mtoni na mtoto mgongoni akuvushe na wewe. Mikono yako iinuke mpaka pale unapotaka ifike. Ukicheza, akupe mpinzani wa haki na usingizi baada ya mechi. Ukilima, akupe mvua kwa wakati na majirani wenye majembe. Na siku moja awepo mtoto wa kukuuliza swali hili hili, nawe uwe na jibu zuri kuliko langu.

Ndizi za pombe nilizifukia ziive siku ile ile uliposhuka kwenye pikipiki na mkoba huo begani. Pombe imeiva jana. Melkiadi ni mzee sana sasa, lakini amesema atakuja. Inuka, kautoe mkoba nyuma ya mlango, uuweke popote utakapoamua, halafu uje uani utuambie tunakunywa ya nini.